Kufunga koili na kutia pamba mwenyewe kwenye tangi la vepu

Mwaka juzi nlizunguka Darajani nzima hapa mjini Unguja, nikateremka Mlandege, nikarudi Michenzani, natafuta vichwa vya koili (kile kiwaya kinachopata moto) vya tangi langu la vepu, yaani sigara ya umeme, kila duka naambiwa "vya hilo hatuna, subiri mzigo wa Dar", na mzigo ukija unakuja na vya tangi jengine. Siku hiyo nikasema basi. Nikaagiza tangi la kujifungia mwenyewe, lile ambalo ndani halina kichwa cha kununua, lina kideki tu chenye viguzo viwili na skrubu, waya unaupinda wewe, pamba unaitia wewe. Tokea hapo roli moja la waya na pakiti moja ya pamba vinanichukua miezi, na wana wa maskani wananiletea matangi yao kama mie fundi baskeli vile. Nimechoka kueleza mmoja mmoja ndo maana naandika.

Kwanza hili niliseme niondoke nalo: kama huvuti sigara wala chochote usianze kwa ajili ya hii. Nikotini inamshika mtu, mie nimeiacha sigara lakini hii bado imenishika mkono. Haya ni ya yule ambaye tangi analo tayari na kila siku anakohoa pamba iliyoungua.

Watu wengi wanadhani kazi ipo kwenye waya. Waya hauna kazi, utaharibu mara mbili mara ya tatu umeshajua. Kazi ipo kwenye pamba. Bibi yangu Wete alikuwa na jiko la mafuta ya taa, lile la tambi duara, na siku ya kubadilisha tambi hakuna mtu mwengine aliyeruhusiwa kugusa, anakaa uani na kibakuli chake anazipitisha moja moja, akishapitisha anauvuta ule utambi kidogo kwa vidole anasikiliza, wallahi kama anasikiliza. Siku moja nikamuuliza kwani kuna nini, akanambia, "Ukiukaza haunywi, ukiulegeza unaropoka." Kuropoka alikuwa anakusudia kile kitendo cha jiko kutoa moto mwekundu na moshi mpaka sufuria inakuwa nyeusi ti. Miaka imepita, bibi hayupo, na mie kila nikipitisha pamba kwenye koili nafanya vile vile alivyokuwa akifanya yeye. Tangi la vepu ni jiko la tambi tu limefanywa dogo, pamba inanywa likwidi (yale maji ya vepu yenye nikotini), koili inapata moto, mvuke unatoka. Likwidi isipofika kwa wakati unaunguza pamba. Ikifika kupita kiasi inakuchuruzikia mfukoni.

Haya, vifaa. Waya, pamba, bisibisi ndogo inayoingia kwenye skrubu za kideki, mkasi mkali (mkasi butu unaivuta pamba badala ya kuikata, utajuta), kikata waya au hata kikata kucha kizuri, kibano, na kitu cha kuzungushia waya. Kibano kama utapata cha seramiki ndo bora kwa sababu hakipitishi umeme. Cha chuma kinafaa pia lakini usikiingize kwenye koili wakati umebonyeza kitufe cha moto, utapiga shoti. Cha kuzungushia mie natumia biti ya keekee ya milimita 3, nliinunua kwa fundi seremala, kipimo chake hakidanganyi kuliko mpini wa bisibisi.

Waya natumia Kanthal, geji 26, unene wake kama milimita 0.4. Ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini, asili yake Sweden, umetengenezwa tokea mwanzo kwa ajili ya tanuri na vitu vya kupasha moto kwa umeme, kwa hiyo kuwa mwekundu ni kazi yake ya kila siku. Kuna nikromu 80, ule wa nikeli asilimia 80 na kromiamu 20, unawahi kupata moto lakini mtu ambaye nikeli inamletea vipele asiuguse. Kuna na stenlesi 316. Anayeanza namwambia Kanthal, habari za kudhibiti joto sijui nini aje nazo baadae. Ila waya wa titani na wa nikeli tupu kama umepata mahali, huo usiuchome mpaka ukawa mwekundu, si wa mchezo huo. Na kuna mmoja hapa alitaka kufungua pasi mbovu ya mama yake atoe waya. Acha. Hujui ule waya una nini, umepakwa nini, na kinachotoka hapo kinaingia kifuani kwako.

Sasa hesabu kidogo, ile ya fizikia ya skuli ambayo tulisema haitotufaa kitu. Waya huo wa geji 26 ukiuzungusha mara 6 kwenye biti ya milimita 3 unakupa omu (kipimo cha ukinzani wa waya) kama 0.8, ukizungusha mara 7 unakaribia 0.95, mara 5 unashuka kwenye 0.7. Ukichukua waya mnene zaidi, geji 24, mizunguko ile ile 6 inashuka mpaka kama 0.55. Omu ikishuka umeme unaovutwa kwenye betri unapanda. Betri iliyojaa ni volti 4.2, igawe kwa 0.8 unapata ampea 5 na kitu, betri yoyote nzima inalala usingizi hapo. Lakini yule anayejifanya fundi akafunga omu 0.2 ili atoe wingu kubwa mbele ya watu Forodhani, 4.2 kwa 0.2 ni ampea 21, na kama mashine yake (ule mwili wa betri na kitufe unaokaliwa na tangi) ni ile isiyo na kompyuta ndani, ya kubonyeza tu moto unakwenda, basi amekamata bomu. Zile betri za 18650 (18 ni upana kwa milimita, 65 urefu) nyingi za kweli zinaishia ampea 20 mpaka 30, hata kama ganda limeandikwa 40 kwa wino wa dhahabu. Anza na 0.8 na mashine yenye kioo cha kusoma omu, utavuta vizuri tu.

Na betri usitembee nayo mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Ile shoti ikitokea haikupi nafasi ya kuvua suruali. Kiboksi chake cha plastiki ni kitu cha bei ndogo. Ganda likichanika hata kidogo libadilishe au itupe betri, na huku kwetu kwenye hewa ya chumvi angalia pia ile sehemu ya katikati tangi linapokaa kwenye mashine, inashika kutu ya kijani, pangusa na spiriti kwa kijiti cha masikio kila baada ya wiki mbili tatu.

Kufunga koili yenyewe. Kata waya kama kiganja, shika biti, bana ncha moja ya waya kwa dole gumba, zungusha huku unavuta ukae umekazika, mizunguko igusane isipandane. Ukifika 6 ncha zote mbili zitoke upande ule unaotakiwa na viguzo vyako, matangi yanatofautiana hapa, liangalie kwanza kabla hujazungusha kwa sababu ukizungusha kinyume mguu mmoja utakuja juu mwengine chini na skrubu ukiikaza inausukuma waya nje badala ya kuuvuta ndani. Bila kuitoa biti, ingiza miguu kwenye matundu, kaza skrubu. Kaza barabara lakini usiwe na hasira, skrubu hizi ndogo, kichwa kikishachubuka umepoteza kideki. Halafu kata mabaki ya waya yaishe pale pale kwenye skrubu, isibaki hata ncha, kwa sababu ncha hiyo ikigusa kifuniko unapata shoti na utakaa saa nzima unatafuta mchawi.

Koili ikae katikati, juu ya tundu la hewa, nafasi ya kama milimita 2 chini yake, isiguse popote isipokuwa kwenye skrubu. Toa biti taratibu.

Weka kideki kwenye mashine, soma omu. Ikisema 0.8 au karibu, sawa. Ikisema hakuna tangi, skrubu haijabana. Ikisema shoti, kuna mguu unagusa. Namba ikirukaruka, mara 0.8 mara 1.1, kaza tena. Ikitulia shusha wati mpaka 12 hivi, bonyeza sekunde moja uachie, bonyeza uachie, koili peke yake bila pamba. Moshi kidogo wa mwanzo ni mafuta ya kiwandani, usishtuke. Unachotaka kuona ni wekundu unaanzia katikati unakwenda pembeni sawasawa, kama kaa linavyoamka. Mara nyingi mara ya kwanza haufanyi hivyo, utaona mzunguko mmoja wa pembeni unawaka peke yake kama jicho la paka. Achia kitufe, ikwaruze koili kwa ncha ya bisibisi kama unapiga udi, ibane kidogo kwa kibano, rudia. Mara tatu nne inakubali. Usiruke hatua hii kwa uvivu, lile jicho la paka ndilo litakaloichoma pamba yako hapo hapo kila siku. Ikishakubali iache ipoe, kideki kioshe kwa maji, kikaushe.

Tumefika kwenye pamba.

Pamba ya vepu ya pakiti ukiipata chukua, haina dawa, haina harufu, unaanza nayo moja kwa moja. Ukikosa, pamba ya roli ya duka la dawa inafanya kazi, ila ile imepaushwa na siku mbili za mwanzo unaionja kama bandeji. Mie nikikosa ya pakiti naichemsha hii, dakika kumi, namwaga maji, nachemsha tena kwa maji mapya, naikamua naitandaza kwenye sahani naifunika kwa kawa isiingie vumbi wala nzi mpaka ikauke kabisa. Maji yawe ya chupa au ya mvua. Ya kisima huku kwetu yana chokaa, angalia birika lenu la nyumbani ndani mulivyo mweupe, hiyo chokaa unataka kuivuta? Ikikauka iwekwe kwenye kopo lenye kifuniko, masika hii hewa inaingia kwenye kila kitu.

Usufi hapana. Nimeulizwa hili zaidi ya mara moja na nafahamu kwa nini, msufi upo nyuma ya nyumba na mito yote tumelalia usufi tokea watoto. Lakini usufi una nta yake kwenye nyuzi, haukubali maji, ndo maana zamani ulikuwa unajazwa kwenye maboya ya kuogelea. Na likwidi ya vepu ni jamaa wa maji, glisirini na propilini glikoli, vyote vinachanganyika na maji. Usufi hautoinywa. Halafu unashika moto upesi kuliko pamba. Wachie mito.

Chukua kipande cha pamba, ukandamize kidogo kwa vidole uwe kama kamba, ncha moja ivingirishe nyembamba kama uzi wa sindano, ipitishe kwenye koili. Sasa vuta. Hapa ndo pa bibi. Inatakiwa uisikie inakataa kidogo halafu inakwenda. Ukiona koili yenyewe inafuata pamba, inapinda kule unakovuta, imezidi, toa upunguze, usiniambie "itakaa tu", haitokaa. Ukiona inapita kama hakuna kitu, imepungua, na tena ikilowa inanywea zaidi. Namna ya kujua: pamba ikiwa ndani, isogeze kulia na kushoto, koili itikisike kidogo tu isihame mahali pake. Mie mikono yangu ilikuja kujua hili kwenye tangi la sita au la saba, kwa hiyo usivunjike moyo, pamba ni rahisi kuliko likwidi unayoipoteza.

Mikia miwili iliyobaki pembeni ndiyo inayowashinda watu, na sababu ni moja, wanaiacha minene. Ikate mikia ifike ukingo wa nje wa kideki, kisha ichane kwa ncha ya kibano, ilegee, nyuzi zilizokufa zitoke zenyewe, upunguze kama theluthi moja ya unene. Halafu ikunje iingie kwenye vile vijia vya likwidi vya pembeni. Iingie, isipigwe msumari. Pamba iujaze mlango wa kijia bila kushindiliwa, ikigusa chini vizuri, isipogusa sana pia si vibaya. Tundu la hewa chini ya koili libaki wazi, uzi mmoja ukining'inia hapo utasikia mluzi na likwidi itateremka.

Likwidi nzito, ile ya glisirini asilimia 70 na kuendelea, inataka mkia mwepesi zaidi. Nyepesi inataka pamba zaidi. Na joto la huku linaifanya kila likwidi iwe nyepesi kuliko ilivyoandikwa, maelezo ya mtu aliyekaa Uingereza kwenye baridi ukiyafuata kama yalivyo, saa saba mchana ndani ya daladala tangi litalia machozi. Mie Januari na Februari naongeza pamba kidogo kwenye mikia, Julai napunguza.

Dondoshea likwidi koili na mikia mpaka pamba yote iwe imelowa, ibonyeze kidogo kwa kibano, ongeza. Piga moto sekunde moja mara mbili uone inatoa mvuke na sauti ya chapati kwenye mafuta. Funga kifuniko, funga hewa, jaza tangi, na ukishafunga mfuniko wa juu ndo ufungue hewa. Ukijaza huku hewa iko wazi likwidi yote inashuka chini, hilo kila mtu atalifanya mara moja. Liache tangi limesimama dakika tano mpaka kumi. Vuta mara tatu bila moto. Anza wati 15, panda taratibu, kwenye omu 0.8 wengi wanatulia baina ya 18 na 22. Ukivuta uone viputo vinapanda ndani ya kioo, basi utambi unanywa.

Ukipata ile ladha ya kooni kama gunia lililoungua, acha hapo hapo. Usivute "mara moja nyengine nihakikishe". Pamba ikishaungua hairudi, na likwidi ikichomwa kavu inatoa kemikali za sumu, aldehidi, sio ladha mbaya tu. Fungua utazame: doa jeusi likiwa katikati ya koili na mikia imelowa vizuri, wati zilikuwa nyingi au umevuta mfululizo. Mikia ikiwa mikavu, uliishindilia. Ukisikia kugugumia kama buruma na matone yanaruka kwenye ulimi, pamba imepungua au haikuziba mlango wa kijia. Ikichuruzika chini na pamba iko sawa, angalia ringi za mpira, moja itakuwa imekatika au umeisahau kwenye sinki.

Sasa jambo ambalo lazima niliseme kwa sababu sisi ni watu wa karafuu. Mafuta ya karafuu, yale ya makonyo, usitie kwenye tangi. Wala tone. Wala ya mdalasini, wala ya mchaichai, wala habasoda, wala mafuta yoyote. Mtu mmoja wa kwetu Pemba alinambia ni ya asili kwa hiyo hayadhuru. Ya asili kwa kuchua mgongo na kutia pamba kwenye jino bovu. Mafuta yakiingia kwenye mapafu hayatoki kwa urahisi, yanaweza kuleta nimonia ya mafuta, na tena hayo ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki, ukiona yanafanya hivyo kwenye tangi basi fikiria kifua. Likwidi yoyote yenye mafuta ndani si likwidi ya vepu.

Kubadilisha, pamba mie naitoa kila siku tano au wiki, likwidi tamu zenye sukari ya bandia siku mbili tu imeshakuwa kahawia kama kashata. Waya unakaa zaidi. Toa pamba, piga moto mdogo mdogo koili ikiwa tupu mpaka ule ukoko uwe majivu, iache ipoe kabisa, kitoe kideki kwenye mashine, isugue koili na mswaki wa zamani chini ya bomba, kausha, tia pamba mpya. Baada ya wiki tatu nne, au ukiona waya umeanza kuwa na mabaka na wekundu wake hauendi sawasawa, tupa, funga mpya.

Ramadhani kazi hii naifanya saa kumi na nusu alasiri, wakati ambao mtu hajui akae wapi. Koili naipima kwa macho, pamba naipima kwa kuvuta, tangi nalijaza nalisimamisha kwenye kabati, nusu saa nzima pamba inakunywa kwa raha yake na mie siwezi kuijaribu mpaka adhana. Pamba zangu za Ramadhani ndizo zinazotoka vizuri kuliko zote za mwaka.

Pamba ya zamani usiitupe uani. Imelowa nikotini, na kuku wanadonoa kila kitu, na Mji Mkongwe wote ni paka, na mtoto wa miaka miwili anatia mdomoni anachokiona. Ifunge kwenye mfuko na kifundo, chupa ya likwidi juu ya kabati na kifuniko chake kile cha kubonyeza ndo kifunguke, na ikikumwagikia mkononi osha na sabuni kabla hujagusa jicho.